Risasi za Dallas na risasi za Los Angeles: ubishi upi uufuatilie?

Anayefuatilia mauaji ya kisiasa ya Marekani mara nyingi huanzia Dallas na kuishia hapohapo Dallas. Atakutajia namba ya kielelezo cha risasi, 399, bila kusita, na atakuchorea njia ya risasi moja inayosemekana kupita katika miili ya watu wawili. Muulize sasa kuhusu stoo ya jikoni ya hoteli ya Ambassador, Los Angeles, uone atakavyobabaika. Mimi naona mambo yamekaa kinyume. Ubishi wa risasi zilizomuua Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 ndio wenye kelele nyingi. Ubishi wa risasi zilizompiga mdogo wake, Seneta Robert F. Kennedy, katika stoo hiyo usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1968, ndio wenye swali gumu zaidi. Kama una muda wa kesi moja tu, ningekupeleka Los Angeles, ingawa wapo wasomaji ambao ningewaacha Dallas.

Hawa ndugu wawili hawakuwa watu wa mbali kwetu. John Kennedy alimpokea Mwalimu Nyerere Ikulu ya Washington Julai 1963, miezi minne kabla ya kuuawa. Robert alifika Dar es Salaam na Nairobi Juni 1966, akitokea Afrika Kusini. Vifo vyao viliwagusa watu wa huku, na maswali yaliyobaki ni yetu pia kuyauliza, mradi tuyaulize kwa uangalifu.

Hesabu ya risasi

Anza na hesabu, kwa sababu hapo ndipo kesi hizi mbili zinapoachana.

Dallas, polisi waliokota maganda matatu ya risasi kwenye ghorofa ya sita ya jengo la ghala la vitabu vya shule, karibu na dirisha linalotazama uwanja wa Dealey. Bunduki iliyokutwa humo ilikuwa Mannlicher-Carcano ya Kiitalia, ya milimita 6.5. Kwa hiyo Tume ya Warren, iliyoundwa kuchunguza mauaji ya rais na kutoa ripoti yake Septemba 1964, ilikuwa na risasi tatu za kuelezea kila kitu. Moja ilimpasua rais kichwa. Moja, kwa maoni ya tume, yaelekea ilikosa shabaha; na kweli kulikuwa na mpita njia aliyesimama karibu na daraja akachubuliwa shavuni na kitu kilichoruka. Ikabaki moja. Hiyo moja ilipaswa kueleza jeraha la mgongoni na la kooni kwa rais, na papo hapo majeraha yote ya Gavana John Connally wa Texas aliyeketi mbele yake: mgongo, ubavu wa tano, kifua, kifundo cha mkono wa kulia na paja la kushoto.

Los Angeles, Sirhan Sirhan, aliyehukumiwa kwa mauaji ya Robert, alikamatwa na bastola ndogo ya Iver Johnson ya kaliba .22, yenye silinda ya matundu manane. Hakupata nafasi ya kuijaza upya, maana alikabwa na watu hapohapo. Robert Kennedy alipigwa risasi tatu, ya nne ikatoboa bega la koti lake bila kumgusa mwilini, na watu wengine watano wakajeruhiwa. Polisi wa Los Angeles waligawa risasi nane kwa majeraha hayo na matundu matatu ya dari, zikatosha kwa shida sana. Ile iliyotoboa koti ikahesabiwa kuwa ndiyo iliyompiga Paul Schrade, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, kwenye paji la uso. Nyingine ikapenya kigae cha dari, ikadunda juu, ikarudi kupitia kigae kingine na kumpata mwanamke mmoja kichwani. Nyingine ilipotelea darini, haikuonekana tena.

Kwa hiyo Dallas tatizo ni majeraha mengi kwa risasi chache, na Los Angeles tatizo ni kwamba hesabu imejaa hadi ukingoni. Likithibitika tundu moja tu zaidi la risasi, popote katika stoo ile, bastola ya Sirhan haitoshi tena na kuna silaha ya pili. Dallas hakuna mtihani mfupi namna hiyo. Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuipa Los Angeles uzito zaidi: swali lake lina jibu la ndiyo au hapana.

Dallas: risasi iliyopewa kazi nyingi

Watu wanaoikejeli risasi ile moja huchora rais na gavana wameketi kwa kufuatana, kwenye viti vya kimo kimoja, halafu wanaonyesha jinsi risasi ingelazimika kukata kona hewani. Mchoro huo si wa gari lile. Connally alikaa kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa chini kuliko kiti cha rais na kilichosogea ndani zaidi kutoka mlangoni. Tena alikuwa amegeuka upande wa kulia. Ukiwaweka watu hawa wawili mahali pao halisi, mstari kutoka dirisha la ghorofa ya sita unapita kwa mwelekeo unaokubalika. Jeraha la mgongoni kwa Connally lilikuwa la umbo la yai, jambo linaloashiria risasi iliyokwishaanza kuyumba baada ya kupita kwenye kitu kingine kabla yake.

Kuna pia suala la muda. Filamu ya Abraham Zapruder, mtazamaji aliyerekodi mauaji yale, ilikwenda picha 18.3 kwa sekunde, na wataalamu wa FBI walikadiria kwamba bunduki ile ilihitaji walau sekunde 2.3 kati ya mlio na mlio, yaani picha 42 hivi. Tume ilimwona rais amepigwa kati ya picha ya 210 na ya 225, na Connally si baada ya ya 240. Muda huo hautoshi kufyatua mara mbili. Ama risasi ni moja, ama wafyatuaji ni wawili. Watetezi wa tume na wapinzani wake wote wanaanzia kwenye hesabu hiyohiyo, na naona ni vema msomaji aitambue mapema, kwani inaonyesha kwamba nadharia ya risasi moja haikuokotwa tu ili kufunga mjadala. Wakili kijana wa tume, Arlen Specter, aliifikia kwa kubanwa na filamu.

Hoja nzito zaidi dhidi yake ni hali ya risasi yenyewe. Risasi hiyo, yaani kielelezo 399, ina uzito wa grini 158.6 (gramu 10 hivi), wakati risasi nzima za aina hiyo zilizopimwa zilikuwa kama grini 161. Upungufu ni takribani gramu 0.15. Ilivunja ubavu na mfupa wa kifundo cha mkono, na bado pua yake ni nzima. Jeshi la Marekani lilipofanya majaribio ya kupiga kifundo cha mkono wa maiti, risasi iliharibika vibaya kuliko ile. Jibu la upande wa pili ni kwamba risasi ya kijeshi iliyofunikwa shaba, ikiwa imepunguzwa kasi na miili miwili, haigongi mfupa kwa nguvu ya risasi iliyotoka mtutuni moja kwa moja. Na anayesema ni "nzima kabisa" hajaitazama kwa nyuma: kitako chake kimebonyea na madini ya ndani yamesukumwa nje kidogo.

Mimi nalikubali jibu hilo, lakini si kwa moyo mkunjufu. Ripoti ya tume ilijidhuru yenyewe. Nyaraka zilizotoka mwaka 1997 zilionyesha kwamba Gerald Ford, aliyekuwa mjumbe wa tume, alibadilisha maneno ya rasimu yaliyosema risasi iliingia mgongoni, yakawa iliingia nyuma ya shingo. Mwanya wa sentimita chache unabadilisha mteremko wote wa risasi. Matundu ya koti na shati la rais yako kama sentimita 14 chini ya kola, na picha za uchunguzi wa maiti zinaunga mkono mgongo wa juu kuliko shingo. Kamati Teule ya Baraza la Wawakilishi, iliyoirudia kesi hii na kumaliza mwaka 1979, ililishusha jeraha hilo mahali pake na bado ikasema risasi moja inawezekana. Katika jopo lake la madaktari tisa, wanane walikubali. Mmoja, Cyril Wecht, alikataa na akaendelea kukataa kwa miaka mingi.

Los Angeles: sentimita mbili na nusu

Daktari Thomas Noguchi, mchunguzi mkuu wa vifo wa wilaya ya Los Angeles, alifanya kazi ambayo haikufanyika Bethesda, kwenye hospitali ya jeshi la majini ulikochunguzwa mwili wa John Kennedy. Alichunguza mwili kwa subira, akapima mabaki ya baruti, kisha akafanya majaribio ya kufyatua kwa umbali tofauti ili kulinganisha. Matokeo yake: risasi iliyoua iliingia nyuma ya sikio la kulia, mtutu ukiwa karibu inchi moja tu kutoka kwenye sikio, yaani sentimita mbili na nusu. Risasi zote zilizomgusa seneta zilitoka nyuma, upande wa kulia, zikipanda juu.

Mashahidi wanasema Sirhan alikuwa mbele.

Karl Uecker, mfanyakazi wa hoteli aliyekuwa amemshika Kennedy mkono akimwongoza kupita, ndiye aliyemkaba Sirhan. Alishikilia kwamba mtutu haukufika umbali ule wa karibu na kichwa. Wengine walikadiria futi moja, mbili au zaidi. Sijaona shahidi aliyesema waziwazi kwamba aliona bastola imegusana na sikio la seneta kutoka nyuma.

Jibu la serikali linastahili kusikilizwa. Kennedy alikuwa akigeuka kushoto kuwapa mikono wafanyakazi wa jikoni, na mtu akigeuka kushoto, upande wake wa kulia na kisogo chake humwelekea aliye mbele. Stoo ilijaa watu, mambo yakaisha kwa sekunde chache, na macho ya watu waliotaharuki si kipimo cha rula. Hayo ni kweli. Lakini yanahitaji Kennedy awe amegeuka sana, Sirhan awe amenyoosha mkono hadi karibu kumgusa, na hali hiyo ikae hivyo kwa risasi nne zote, ikiwemo iliyopita kwenye koti. Inawezekana. Hata hivyo ni mzigo mkubwa kuliko ule wa kiti cha Connally, kwa sababu kiti kina vipimo vilivyoandikwa, na kugeuka kwa mtu ndani ya stoo hakuna aliyekupiga picha.

Nani alishika kielelezo

Hapa kesi zote mbili zina aibu, na ningependa usizipuuze hata ukiwa mtetezi wa ripoti rasmi.

Risasi ya 399 haikutolewa mwilini. Iliokotwa hospitali ya Parkland na Darrell Tomlinson, mfanyakazi wa hospitali, ilipobingirika kutoka kwenye machela aliyoisogeza. Hakuwa na uhakika ilitoka kwenye machela ipi. Ikapita kwa ofisa usalama wa hospitali, kwa mlinzi wa rais, kwa mkuu wa walinzi hao Washington, hadi maabara ya FBI usiku uleule. Walipoulizwa mwaka 1964, wa kwanza hao hawakuweza kuitambua kwa hakika kuwa ndiyo ileile. Kisha mwaka 2023 Paul Landis, aliyekuwa mlinzi katika msafara, akasema yeye ndiye aliyeiokota risasi kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuiweka juu ya machela ya rais. Ripoti zake za 1963 hazina neno hilo. Ushahidi wa miaka 60 baadaye siupi uzito wa kupindua kesi, ila unaonyesha jinsi mnyororo wa utunzaji ulivyokuwa dhaifu tangu kiungo cha kwanza. Suti ya Connally ilifuliwa na kupigwa pasi kabla haijachunguzwa. Gari lilikarabatiwa. Ubongo wa rais ulionekana kutoweka kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 1966.

Hata hivyo Dallas ina nguzo isiyotegemea machela: vipande viwili vikubwa vya risasi vilivyokutwa sehemu ya mbele ya gari lenyewe, na vyote vililingana na mtutu wa bunduki ile. Jopo la wataalamu wa silaha la kamati ya bunge lilithibitisha hivyo tena. Ukiiondoa 399 kabisa, bado unabaki na bunduki ya ghorofa ya sita iliyompiga mtu ndani ya gari lile.

Los Angeles haina nguzo ya namna hiyo. Mtaalamu wa polisi, DeWayne Wolfer, alitoa ushahidi kwamba risasi zilitoka kwenye bastola ya Sirhan na si nyingine. Lakini bahasha ya risasi za majaribio iliyopelekwa mahakamani ilikuwa na namba ya bastola H18602. Bastola ya Sirhan ni H53725. Ilielezwa kuwa ni kosa la kuandika, kwani bastola ya pili ilitumika kwa majaribio mengine; bastola hiyo ya pili ikateketezwa. Upande wa utetezi haukuhoji, maana ulijikita kwenye hali ya akili ya mshtakiwa. Hivyo ushahidi wa risasi katika kesi ya mauaji ya mgombea urais ulipita bila kuulizwa maswali ya maana.

Kinachoniuma zaidi ni mbao. Vigae vya dari na miimo ya milango iliyong'olewa kwenye stoo, vitu hasa ambavyo vingejibu swali la risasi ya tisa, viliharibiwa na polisi Juni 1969, miezi miwili tu baada ya hukumu, rufaa ikiwa bado haijasikilizwa. Walisema havikuwa vielelezo vya mahakama na vilikuwa vikubwa mno kuhifadhi. Mwaka 1976 zikatoka picha za FBI zilizopigwa stooni, na maelezo yake yanayaita matundu ya kwenye mwimo wa mlango kuwa ya risasi. Aliyeandika maelezo angeweza kukosea, kwani tundu la msumari na la risasi ya .22 hufanana kwa macho. Ubao ungetuambia. Ubao haupo.

Maabara na sauti

Sehemu hii haihitaji muda mwingi, kwa kuwa sayansi iliyotegemewa imeporomoka pande zote.

Kwa Dallas, mkemia Vincent Guinn aliieleza kamati ya bunge kwamba vipimo vya risasi kwa mionzi ya nyutroni vinaonyesha vipande vyote vimetoka kwenye risasi mbili tu, na chembe za kifundo cha Connally zinalingana na 399. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa hoja ya kufunga mdomo. FBI iliacha kulinganisha madini ya risasi mwaka 2005 kwa sababu mbinu yenyewe haikuwa na msingi imara wa takwimu, na mwaka 2007 Cliff Spiegelman wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzake walionyesha kwamba vipande vile vingeweza kutoka kwenye risasi zaidi ya mbili. Anayekutajia Guinn leo kama uthibitisho amepitwa na wakati. Hilo halithibitishi mfyatuaji wa pili. Linaondoa tu tegemeo moja.

Kwa Los Angeles, mahakama iliteua wataalamu saba wa silaha mwaka 1975. Walipofyatua tena bastola ya Sirhan hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ndiyo iliyotoa risasi za waathirika. Vilevile hawakuona dalili ya msingi ya bastola ya pili. Kila upande hunukuu nusu ya matokeo hayo, nawe ukutane nayo yote mawili kwa pamoja.

Sauti nazo zimeleta matumaini kisha mashaka. Kamati ya bunge ilitangaza mwaka 1979 kuwa kulikuwa na mlio wa nne Dallas, kutoka kilima cha nyasi, kwa kutegemea kinasa sauti cha polisi. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likaonyesha kwamba sauti zilizochambuliwa zilirekodiwa kama dakika moja baada ya mauaji. Kwa Los Angeles, mwandishi wa habari Stanislaw Pruszynski alikuwa na kinasa sauti kilichokuwa kikirekodi. Mhandisi Philip Van Praag aliisikiliza kanda hiyo miongo kadhaa baadaye akahesabu milio 13. Wataalamu wengine, wakiwemo wa Uingereza, hawakupata zaidi ya minane. Kanda ni ya mbali na yenye kelele. Nisingejenga nyumba juu yake.

Uchague ipi

Kama unachotaka ni kujifunza jinsi nadharia inavyojengwa na kubomolewa, baki Dallas. Nyaraka zake ni nyingi kuliko za mauaji mengine yoyote, Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeziweka nyingi kwenye intaneti, kuna filamu, kuna vipimo vya gari, na karibu kila hoja imejibiwa na jibu lake limejibiwa. Utajifunza mengi. Nadhani mwisho wake utaona, kama ninavyoona, kwamba risasi moja ni maelezo yanayosimama yakiwa na makovu.

Kama unachotaka ni swali ambalo bado linaweza kumgusa mtu aliye hai, nenda Los Angeles. Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa kumuua rais, aliuawa siku mbili baada yake. Hakuna hukumu ya kurekebisha. Sirhan yuko gerezani California tangu 1968. Bodi ya msamaha ilipendekeza mwaka 2021 aachiwe, Gavana Gavin Newsom akakataa Januari 2022. Paul Schrade, aliyepigwa risasi usiku ule na kumpoteza rafiki, alitumia sehemu kubwa ya uzee wake, hadi alipofariki mwaka 2022, akidai kwamba Sirhan alimpiga yeye lakini hakumuua Kennedy. Robert Kennedy mdogo amesema vivyo hivyo kuhusu baba yake. Ndugu zake wengi wamempinga, na uchungu wao una haki yake. Uwe makini pia na jambo moja: hata wanaoamini bastola ya pili wanakubali kwamba Sirhan alifyatua na kujeruhi watu. Anayekwambia hakuwa na hatia yoyote amekwenda mbali kuliko ushahidi.

Ukishaamua Los Angeles, soma kwanza ripoti ya Noguchi, hasa kurasa za umbali wa mtutu. Fuatisha taarifa ya wataalamu saba ya 1975. Kisha chukua karatasi, andika majeraha na matundu yote ambayo polisi wenyewe waliyakubali, na ugawe risasi nane kwa mkono wako kabla hujasoma maelezo ya mtu yeyote. Kanda ya Pruszynski iache iwe ya mwisho, maana masikio yakishaambiwa idadi ya kutafuta, huipata.